Bata Mweupe wa Bwawa la Midrand

Vijana wa Joubert Park hapa Johannesburg, mkiniuliza nilifanya kazi gani kabla ya kuanza kukaa nyumbani, nawajibu kwamba nilikuwa natazama bata. Mnacheka, mnageukiana, mnasemezana kwa Kiingereza mkidhani sisikii. Nasikia. Juzi mmoja wenu alimwambia mwenzake kwamba hiyo haiwezi kuwa kazi, labda mzee alikuwa anauza kuku pale Park Station akaona haya kusema. Basi nimekaa niandike, na mtaisoma kwa Kiswahili mpende msipende, maana mnakielewa vizuri sana mnapoitwa kula.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wakati wa baridi, mahindi yakishavunwa kwenye mashamba ya mashariki ya Joburg, bata bukini wanashuka kwa makundi kula punje zilizobaki chini. Wakimaliza punje wanahamia kwenye ngano changa, na hapo mkulima anaanza kulia. Msimu wa kuwinda ukifunguliwa, wawindaji wanafika na bunduki zao, wengine kutoka ng'ambo kabisa. Lakini bata ana mabawa. Jana alikuwa hapa, leo yuko shamba la tano kutoka hapa, na mtu aliyevuka bahari hawezi kuanza kuzunguka akiuliza. Kwa hiyo kampuni inamtuma mtu mapema aone bata wanalala bwawa gani, wanakula shamba gani, na wanapita njia gani kati ya kitanda na meza. Mtu huyo anaitwa mtazamaji, na mtazamaji nilikuwa mimi, Papa Furaha, mtoto wa Uvira, ambaye kule kwetu nilikuwa nashona suruali.

Siku ya kwanza nilijiaibisha mapema, nikamaliza. Nilipoambiwa nitakuwa mtazamaji nilifikiri ni cheo. Nikapiga pasi suruali ya krimu, nikavaa viatu vyangu vya ngozi nilivyovisugua mpaka ungeweza kunyolea ndevu ndani yake, nikajipulizia manukato. Nyie mnatujua sisi watu wa Kongo: hata mtu akienda kuchimba kaburi atauliza kwanza mkanda unalingana na viatu au la. Nikafika shambani hivyo. Aliyekuwa anifundishe kazi, Mzee Saidi, alikuwa amejilaza kwenye mabua ya mahindi na koti la rangi ya udongo. Mrundi huyo, mzaliwa wa Buyenzi kule Bujumbura, alikuwa Mwislamu mtaratibu asiyependa kupandisha sauti. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Karibu, bwana harusi," akasema. "Sherehe ni wapi?"

Nikacheka nikakaa. Kundi la kwanza likatokea upande wa jua, likaja likaja, halafu ghafla likapinda kama limegonga ukuta. Kundi la pili hivyo hivyo. Mzee Saidi akachukua tope, akanipaka viatu vyote viwili, polepole, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Kundi la tatu likapita juu yetu chini kabisa, nikasikia mabawa yanapiga hewa. Kumbe viatu vyangu vilikuwa vinamulika mpaka Pretoria. Nililia moyoni kwa sababu ya ngozi ile, lakini nilielewa.

Mambo mengine Mzee Saidi alinifundisha kwa namna hiyo hiyo, mikono mingi kuliko maneno. Alinifundisha kutotafuta bata angani. Ukitafuta bata angani utaona nukta, na kila nukta itakudanganya. Unatazama pale mbingu inapokutana na shamba, unaacha macho yalegee, na chochote kinachosogea kitakuja chenyewe. Alinifundisha kwamba bata anatua akiuelekea upepo, kwa hiyo ukishajua upepo umeshajua mlango wake. Kinyesi kibichi chenye kijani ni cha asubuhi ile. Kilichokauka ni habari ya zamani. Na kamwe usimsumbue bata kwenye bwawa analolala. Ukimfukuza mezani atarudi, ukimfukuza kitandani anahama wilaya nzima, na wewe utabaki umejilaza kwenye matope unahesabu ndege za abiria zinazoshuka uwanjani.

Nilizihesabu. Msimu wangu wa pili nilipeleka kundi la wawindaji kwenye bwawa nililolizungukia jioni iliyotangulia nikiimba, kwa kuwa nilifurahi kuona bata wengi. Asubuhi hapakuwa na hata unyoya. Bwana Kobus, mwenye kampuni, mkulima mpana mwenye masharubu ya kijivu, akaniuliza niliimba wimbo gani. Nikamwambia wa kanisani. Akasema labda wamekwenda kubatizwa.

Kitu kimoja kikubwa zaidi, nacho mkishike vizuri: neno la mtazamaji ndilo neno la mwisho. Si kila ndege anapigwa. Wako wanaolindwa, na mbele ya jua linalochomoza ndege wote ni weusi na wote wanafanana. Mwindaji akiwa mafichoni ananong'ona, "Huyu?" na mtazamaji anajibu. Ukisema ndiyo, anapiga. Ukisema hapana, anashusha bunduki, hata awe tajiri wa namna gani. Bwana Kobus hakuwa na mzaha kwenye hilo. Mtazamaji akikosea jina la ndege, kampuni inaweza kufungwa.

Mzee Saidi naye alikuwa na lake. Hakula bata aliyekufa kwa risasi. Alitaka amchinje kabla hajakata roho. Kwa hiyo bata akianguka, mzee mtaratibu yule aliruka kutoka kwenye mabua na kisu mkononi akikimbia na kutaja jina la Mungu. Mteja mmoja mgeni, ambaye hakuna aliyemwonya, aliona mtu mwenye kisu anatoka ardhini anakuja upande wake. Akatupa bunduki akakimbia. Mzee akampita bila kumtazama, akachinja bata wake, akarudi akiwa amefurahi. Mimi kazi yangu ilikuwa kumfuata mteja kumwelezea, na nilimpata karibu na barabara ya lami.

Miaka ikaenda. Mzee Saidi akarudi kwa watoto wake, nikabaki mimi ndiye mzee. Na bata nao wakabadilika, wakawa wajanja kutuzidi. Pale Midrand palijengwa esteti, nyumba kubwa kubwa ndani ya ukuta, katikati uwanja wa gofu na bwawa. Ndani ya ukuta ule hakuna anayeruhusiwa kupiga bunduki. Bata wakaligundua hilo kabla ya mawakala wa nyumba. Msimu ukifunguliwa tu, wanahama kutoka mabwawa ya mashambani wanakuja kulala Midrand pamoja na mameneja. Alfajiri wanaruka juu ya barabara kuu, wanakwenda kula mahindi ya watu, wanarudi na matumbo yamejaa. Mtazamaji aliyezoea kulala kwenye mabua sasa anatakiwa ajue kinachotokea nyuma ya waya wa umeme.

Lakini nani analinda mageti ya esteti zile? Ndugu zetu. Mkongo geti hili, Mrundi geti lile, Mtanzania anazunguka na tochi. Wote wako macho alfajiri, wote wana simu, wote wanapigwa na baridi na wanatafuta mtu wa kuongea naye. Nikafungua kundi la WhatsApp, nikaliita Kwaya ya Midrand ili waajiri wao wakiona wasiulize sana. Jua likikaribia, sauti zinaanza kuingia. "Papa Furaha, bameruka! Banaenda upande wa gereji!" Mwingine kutoka geti la juu: "Nimewaona, wamepita kwenye robot, pale kwenye taa za magari, sharp, wanaelekea mashariki." Mimi niko kilomita nyingi huko shambani, namwambia Bwana Kobus bata watafika muda si mrefu kutoka pembe ile. Wanafika. Akawa ananiona kama mchawi. Sikumsahihisha.

Hodari kuliko wote kwenye kwaya alikuwa Deo, Mrundi wa geti la bwawani, mtu mrefu mpole, mwenye kofia ya sufu msimu wote. Yeye hakusema tu wameruka. Alisema nani ameongoza, nani amebaki nyuma, nani amegombana na mkewe.

Sasa tufike kwenye mdomo wangu. Msimu mmoja alikuja Mmarekani, mzee wa upole mwenye nyusi nyeupe. Tukiwa mafichoni tunangoja, akanionyesha picha za kwao kwenye simu. Bata bukini wa theluji, weupe watupu, ncha za mabawa nyeusi, wanahama kutoka kaskazini kwa maelfu mpaka shamba zima linakuwa kama limeangukiwa na pamba. Akasema kuwaona wakishuka ni kitu cha kumfanya mtu avue kofia. Nikaona nimeachwa nyuma. Sijui ni nini kilinipata. Nikamwambia, "Hata huku tunao, bwana."

Akanitazama. "Bata wa theluji? Afrika?"

"Mmoja mmoja," nikasema. "Wanapita."

Vijana, nilikuwa sijawahi kumwona hata mmoja, hata kwenye kalenda. Nilidhani atakwenda kwao atasahau. Akaenda kwao akasimulia. Msimu uliofuata akarudi, na wa kwanza kumwulizia hakuwa bata yeyote ila yule mweupe. Akasema anajua haiwezekani, labda ametoroka kwa tajiri fulani mfugaji wa ndege, lakini kama Papa amemwona, Papa amemwona. Anamtaka amkaushe amweke ukutani.

Bwana Kobus akanivuta pembeni. "Papa, kweli yupo?"

"Yupo," nikasema, kwa sababu uongo ukishavaa viatu hauwezi kurudi ndani peku.

"Basi mlete. Mzee huyu analeta rafiki zake wote. Ukimleta, kazi ni yako mpaka uchoke. Usipomleta, eish, nitatafuta macho mengine."

Nilikuwa na umri ambao hakuna anayekuajiri hata kushika geti. Furaha, mtoto wetu, alikuwa bado anasoma. Mama Furaha, mke wangu, alikuwa anasuka nywele Marshalltown, akirudi vidole havikunjiki. Kama kazi ile ingeondoka, nisingepata nyingine, na hilo nililijua kama ninavyojua jina langu. Sikulala vizuri wiki ile.

Na hapo ndipo Mungu alipoamua kunicheka. Deo akatuma picha kwenye kwaya. Kwenye bwawa la Midrand, katikati ya bata wa kahawia, alikuwapo mmoja mweupe. Hakuwa wa theluji. Alikuwa bata bukini wa Misri, wale wale wa kahawia tuliowazoea, ila huyu alizaliwa bila rangi, jambo linalotokea mara chache, lakini mweupe alikuwa mweupe kweli. Walinzi walikuwa wameshampa jina, Bibi Harusi. Nikapiga magoti pale pale jikoni nikashukuru. Mama Furaha akauliza kama tumeshinda bahati nasibu.

Nikampigia Deo. Nikamwambia nataka kujua Bibi Harusi anaruka saa ngapi, yuko wa ngapi kwenye msafara, anapita upande gani.

"Papa Furaha," akasema, "wale wengine bote nitakuambia. Huyu hapana."

"Deo, ni kazi yangu hii."

"Najua. Lakini huyu anakuja hapa kwa kibanda changu kila asubuhi. Ananisimamia pale, namwongelesha Kirundi. Hapa kwa geti hakuna mtu mwingine ninaongea naye Kirundi. Uniombe kitu kingine."

Nilikasirika, sitawadanganya. Nilimwita Deo mtoto. Nilimwambia bata ni bata. Akasema sawa Papa, kwa heshima yote, akakata simu. Kwaya nzima ikawa bubu juu ya Bibi Harusi; ukiuliza wanakujibu habari za hali ya hewa. Ikabidi nifanye mwenyewe. Nikawa nasimama nje ya ukuta wa esteti alfajiri, mikono kwapani, umande umeganda kwenye nyasi. Nikamwona. Alikuwa anaruka wa tatu, kila siku wa tatu, anavuka juu ya magari, anakwenda mashariki ambako bunduki ziko, anakula haraka, anarudi kwenye ukuta. Nilimtazama asubuhi ya kwanza kama mtu anayetazama mshahara. Asubuhi zilizofuata nikaanza kumwogopea kila anapovuka barabara, na nikajikuta siondoki mpaka arudi. Mimi nami niliwahi kuvuka mpaka alfajiri kutafuta chakula nikarudi mbio. Sikutaka kufikiri jambo hilo, lakini lilinijia tu.

Siku ya siku nikampeleka Mmarekani kwenye shamba ambalo nilijua watashukia. Tukajilaza kwenye mabua, mimi katikati, yeye kulia, Bwana Kobus kushoto na darubini. Mbele yetu bata wa plastiki, wa kuwadanganya wenzao washuke, wamepangwa vizuri. Njia ya upepo nilikuwa nimeipiga hesabu sawasawa. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, nawaambia bila aibu.

Wakaja. Wa kwanza, wa pili, na wa tatu jua limempiga chini ya mabawa akawa anawaka. Mmarekani akainua bunduki.

"Papa," akanong'ona, "ndiye?"

Nikafungua mdomo kusema ndiyo. Nilikuwa nimeliandaa neno hilo wiki nzima. Likatoka jingine.

"Hapana, bwana. Yangeyange."

Yangeyange mnamjua, yule ndege mweupe mwembamba anayefuata ng'ombe, miguu kama njiti. Hapigwi. Neno la mtazamaji ndilo neno la mwisho, na mzee wa watu akashusha bunduki. Nikasikia upande wa kushoto darubini ya Bwana Kobus inawekwa chini taratibu sana.

Mambo yangeishia hapo, ningekuwa nimepona. Lakini Bibi Harusi, badala ya kupita, akaona bata wa plastiki akawapenda. Akazunguka, akatua mbele yetu kabisa, karibu kiasi cha kurushiwa kofia. Mnene kama mto wa kulalia. Akajikung'uta, akatazama kulia, akatazama kushoto, akapaza sauti ya bata ambayo hata mtoto wa chekechea angeitambua.

Mmarekani akanitazama muda mrefu. Mwindaji wa heshima hampigi ndege aliyetua, kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kufikiri.

"Yangeyange mkubwa sana huyu," akasema.

"Ndiyo, bwana," nikasema. "Huku wanakula vizuri."

Nyusi zake nyeupe zikaanza kucheza. Akatoa risasi kwenye bunduki moja baada ya nyingine, akaziweka mfukoni, halafu akalala chali kwenye mabua akacheka mpaka machozi yakamtoka. Bibi Harusi akashtuka, akaruka, na kundi lote likamfuata.

Bwana Kobus hakucheka. Alinirudisha mjini, akasimamisha gari kwenye robot la Midrand, akanyoosha mkono. Nikampa darubini yangu ya kazi.

"Miaka yote hii," akasema. "Yangeyange, Papa?"

"Jua lilinipiga machoni."

"Ja," akasema. "Najua unaona vizuri kuliko mimi. Ndiyo maana siwezi kukuweka tena." Na alikuwa na haki. Mtazamaji asiyeaminika ni mtu aliyelala shambani tu. Nilitamani kumwambia asante kwa miaka ile, lakini taa ikawa kijani.

Nyumbani Mama Furaha alikuwa mlangoni. "Banakufukuza?"

"Wamenifukuza."

"Juu ya nini?"

"Juu ya bata."

Akakaa chini, akaweka mikono kichwani, nikaona anahesabu miezi ya kodi. Nikamsimulia yote mpaka Bibi Harusi alipotua. Hapo akaanza kucheka bila kutaka, huku analia, huku ananipiga begani kwa mwiko. Alitulisha peke yake kwa kusuka nywele miaka miwili baada ya hapo, vidole vile vile. Mkimwona kwenye ngazi mumpishe, mumwamkie vizuri, maana uungwana wangu ule yeye ndiye aliyeulipia.

Jumapili iliyofuata nikaenda Midrand, si kwa kazi, nikiwa nimevaa vizuri kama mtu. Deo alifungua geti dogo, akanipisha kiti chake bila kuuliza kitu. Alikuwa ameshasikia, walinzi wanasikia kila kitu. Kidogo Bibi Harusi akatoka majini, akapanda nyasi za gofu anatembea kwa kuyumba, anakuja moja kwa moja kwetu. Nikajiweka sawa kwenye kiti, nikakunja koti, nikatabasamu kabisa, kama mtu anayengoja kushukuriwa.

Akanipita. Hakugeuza hata shingo. Akaenda akasimama mbele ya Deo, na Deo alikuwa na kipande kimoja tu cha mkate, nikamwona ananitazama mimi, anamtazama bata, ananitazama tena.

"Samahani, Papa," akasema, akampa bata.